Maji ya Yeriko na Mtoto Aliye Tumboni



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya pili, watu wa mji wa Yeriko wanamwendea nabii Elisha na shida moja. Wanamweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, kama yeye mwenyewe anavyoona, ila maji yake ni mabaya, na kwa sababu ya maji hayo mimba zinaharibika. Elisha anaomba chombo kipya chenye chumvi, anakwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, anaitia chumvi humo, na maji yanaponywa. Aghalabu tunapoisoma habari hii tunautazama muujiza na kuisahau shida. Juma hili tunawaomba tuitazame shida. Watu wa Yeriko hawakumwambia nabii kwamba wake zao wana laana, wala kwamba wamelogwa. Walisema kwamba ni maji. Naye Elisha hakuzunguka nyumba kwa nyumba kuwahoji wanawake; alikwenda kwenye chemchemi.

Tumeirudia habari hii kwa sababu ya mama mmoja wa parokia yetu, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia yaliyompata pasipo kutaja jina lake wala kigango chake. Alikuja ofisini kuomba nia ya Misa kwa ajili ya watoto wake watatu. Tulipomuuliza majina ya marehemu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hawakuwahi kupewa majina. Mimba mbili ziliharibika, na mtoto wa tatu alizaliwa mfu katika mwezi wa nane. Nyumbani kwa mumewe maneno yalikuwa yameanza. Mama mkwe alikuwa akiuliza ni jambo gani alilofanya katika usichana wake hata Mungu amfunge hivyo. Shangazi mmoja alikuwa ameshataja jina la mganga. Tulimfariji kwa maneno tuliyozoea kuyasema. Alipokuwa mlangoni akigeuka kuondoka alituuliza: "Padre, kile kisima chetu kilipimwa?" Muuguzi wa kliniki alikuwa amewaambia wajawazito kwamba maji ya maeneo ya machimbo huweza kuwa na sumu.

Tulimjibu kwamba kilipimwa. Alipokwisha kuondoka tulifungua kabati na kuitafuta karatasi ya majibu.

Wengi wenu mnakikumbuka kisima kile. Tulikichimba mwaka 2011, kwa michango yetu na kwa msaada wa wafadhili. Kina mama waliimba, watoto waliruka chini ya bomba la pampu, nasi tulinyunyiza maji ya baraka na kumshukuru Mungu. Karatasi tuliyoikuta kabatini ni ukurasa mmoja. Inasema kwamba maji hayana vijidudu vya kinyesi, chumvi yake ni ya wastani, na hayana tope. Aseniki haikutajwa kabisa. Hakuna aliyeficha kitu, hakuna aliyeuliza. Kwa miaka yote hiyo tumewaambia watu kwamba maji yetu ni salama, kumbe tulichokijua ni kwamba hayana vijidudu. Tunakiri kosa hilo mbele yenu kwa sababu ni letu, na kwa sababu kosa la namna hiyo hiyo limekwisha kutendwa kwingine, kwa ukubwa wa kutisha, na tunaweza kujifunza kwalo.

Aseniki ni sumu ya kale inayopatikana katika miamba. Ikiyeyuka ndani ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yenye aseniki yanaweza kuwa baridi, meupe na matamu kuliko maji yote ya kijiji. Haimwangushi mtu siku ile ile kama maji ya kipindupindu. Inamla polepole, na madoa ya ngozi yanayoitambulisha hutokea baada ya miaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1993 kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki katika lita moja. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Hakuna jicho wala ulimi wa mwanadamu uwezao kugundua kiasi hicho. Ni maabara tu.

Nchi iliyolipa gharama kubwa kuliko zote kwa somo hili ni Bangladesh. Nchi ile ni tambarare iliyojengwa na mchanga na matope ya mito mikubwa itokayo milima ya Himalaya. Hadi miaka ya 1970 watu wengi wa vijijini walikunywa maji ya madimbwi na mito, na watoto walikufa kwa wingi kwa kuhara na kipindupindu. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na wengine, ikahimiza visima vya bomba: bomba jembamba linashushwa ardhini, pampu ya mkono inafungwa juu yake, na maji meupe yanatoka. Watu waliipenda njia hiyo, wakaanza kujichimbia wenyewe, mpaka visima vikafika mamilioni. Nia ilikuwa njema, kama yetu ya mwaka 2011. Aseniki haikupimwa kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba iko. Kumbe ilikuwamo katika mchanga wenyewe, imeletwa na mito tangu enzi za kale, na maji ya chini yasiyo na hewa yalikuwa yakiiachilia kidogo kidogo.

Ng'ambo ya mpaka, huko West Bengal nchini India, daktari wa ngozi aitwaye K. C. Saha alianza kuwatambua wagonjwa wa sumu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bangladesh yenyewe iligundua kisima chake cha kwanza mwaka 1993, katika wilaya ya Chapai Nawabganj. Mwaka 2000 mtaalamu Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia la watu kulishwa sumu, wakakadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini. Waliowapa watu maji yale walikuwa wanataka kuwaokoa watoto.

Basi je, watoto wenyewe walipatwa na nini? Katika wilaya ya Matlab, nchini humo humo, kipo kituo cha utafiti ambacho kwa miongo mingi kimekuwa kikiandika kila mimba, kila uzazi na kila kifo cha vijiji vyake. Watafiti walizichunguza mimba 29,134 za miaka ya 1991 hadi 2000 na kuzilinganisha na maji ambayo kila mama aliyatumia. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Akina mama waliokunywa maji yenye aseniki zaidi ya mikrogramu 50 kwa lita walikuwa na hatari ya kupoteza mimba iliyozidi kwa asilimia 14, na watoto wao wachanga walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 17. Mtu anaweza kusema kwamba ongezeko hilo ni dogo. Katika familia moja haliwezi hata kuonekana. Mama anapoteza mtoto, jirani anapoteza mtoto, na kila mmoja analia peke yake akidhani ni bahati yake. Ni pale tu mtu alipoziweka mimba 29,134 pamoja ndipo kilio kilipoonekana kuwa kimoja. Uchunguzi uliofuata katika wilaya hiyo hiyo ulionyesha kwamba watoto wa akina mama walioathiriwa zaidi wakati wa ujauzito waliugua magonjwa ya mapafu na kuhara mara nyingi zaidi katika mwaka wao wa kwanza.

Sababu si fumbo. Tumezoea kudhani kwamba tumbo la mama ni ngome, na kwamba kondo la nyuma huchuja kila kibaya. Aseniki hupita. Mwaka 1998 watafiti waliopima damu ya akina mama na ya vitovu vya watoto wao katika mji wa San Antonio de los Cobres, kwenye milima ya Argentina, waliona kwamba kiasi kilichokuwa kwa mtoto kilikaribiana na kile kilichokuwa kwa mama. Mama anapokunywa kikombe kimoja, wanakunywa wawili. Na huyo wa pili viungo vyake ndiyo kwanza vinafanyika.

Tena madhara hayaishii utotoni. Mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, uko jangwani. Mwaka 1958 ulivutiwa maji mapya kutoka mito ya milimani, na maji hayo yalikuwa na aseniki ya takriban mikrogramu 860 kwa lita. Yaliendelea kunywewa hadi mwaka 1970 mtambo wa kuyasafisha ulipoanza kazi. Miaka 12 tu, kisha maji yakawa mema. Lakini mwaka 2006 ulitolewa uchunguzi kuhusu watu waliozaliwa katika miaka ile, ambao sasa walikuwa watu wazima. Walipofika umri wa miaka 30 hadi 49 walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kiasi cha mara 6 kuliko wenzao wa sehemu nyingine za Chile. Walikuwa wameipokea sumu tumboni na mikononi mwa mama zao, ikakaa kimya miaka 30.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaishi juu ya dhahabu, na katika miamba yetu dhahabu na aseniki mara nyingi hukaa pamoja. Mwamba ukiwa umelala chini haujamdhuru mtu. Unapochimbwa, ukapondwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, na marudio yakaachwa yamwagikiwe na mvua, aseniki hupata njia ya kuingia katika udongo, katika mito na katika visima vifupi. Watafiti wamekwisha kuikuta katika baadhi ya vyanzo vya maji vya maeneo ya machimbo huku kwetu. Na hili tusilione geni. Ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro wanaishi na meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo katika maji mazuri ya milimani. Tumeona kwa macho yetu kwamba maji safi ya kutazama yanaweza kubeba kitu. Tofauti ni kwamba floraidi huandika katika meno na kila mtu akasoma, wakati aseniki humwandikia mtoto ambaye hata hatumwoni.

Tunao pia ushahidi wa kwetu, tena uliokusanywa na watu wetu. Kati ya mwaka 2015 na 2017 watafiti wakiongozwa na Elias Nyanza wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa ng'ambo, waliwafuatilia wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo kaskazini mwa Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kadiri kiasi cha aseniki kilivyokuwa kikubwa mwilini mwa mama, ndivyo hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati ilivyoongezeka. Mtafiti huyo na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2014, huko Geita, jambo jingine linalotugusa. Karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa walikuwa wakila udongo, na udongo huo ulipopimwa ulikutwa na aseniki, zebaki na madini mengine. Ile pemba inayouzwa sokoni katika vijifungu, ambayo kila mama hapa anaijua, haina cheti cha mahali ilikochimbwa.

Wapendwa, tukiweka haya yote pamoja, tunaona kwamba sisi tuliofundishwa kutetea uhai tangu kutungwa mimba tumekuwa tukiutetea nusu. Tumehubiri, na tutaendelea kuhubiri, kwamba mtoto aliye tumboni ni mtu, ana hadhi, ana haki ya kuishi. Lakini mtoto huyo huyo hunywa maji. Kama tunamtetea dhidi ya mkono wa mtu, na hatuulizi kuhusu kikombe cha mama yake, tunamtetea mbele ya adui mmoja na kumwacha kwa mwingine. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Kila mwanadamu ni pamoja na yule ambaye bado hajazaliwa.

Na lipo jambo la pili, ambalo linatuuma zaidi. Kwa kutokupima tumeacha nafasi, na nafasi hiyo imejazwa na lawama. Mimba inapoharibika katika vijiji vyetu, swali la kwanza huwa ni kuhusu mwanamke: alitembea na nani, alimkosea nani, amerogwa na nani, alitoa mimba lini. Ndoa zimevunjika kwa maswali hayo. Mabibi vikongwe wametuhumiwa uchawi, nasi tunajua nchi hii imewazika wangapi kwa tuhuma hizo. Hatusemi kwamba kisima chetu ndicho kilichowaua watoto wa yule mama. Hatujui, mimba huharibika kwa sababu nyingi, malaria, presha, kaswende, na nyingine ambazo hata madaktari hawazioni. Lakini mama mkwe naye hajui, na hata hivyo ameshatoa hukumu. Anayelaumu pasipo ushahidi anamshuhudia jirani yake uongo, na amri ya nane ya Mungu haikumwacha nje mkwe wa mtu.

Tunajua baadhi yenu mtasema: Padre, msitutishe. Maji yale ndiyo tuliyo nayo. Mkitutia hofu tutarudi mtoni, na mtoni kuna kipindupindu. Hoja hii ni ya kweli, nasi hatuidharau. Huko Bangladesh hatari hiyo hiyo iliwatia wasiwasi wengi, kwamba mtu akikimbia aseniki ataangukia kuhara. Ndiyo maana hatusemi kisima kifungwe kesho. Tunasema kipimwe. Anayeogopa kupima kwa kuwa majibu yanaweza kuwa mabaya anafanana na mgonjwa anayekwepa hospitali ili asiambiwe ugonjwa wake. Ugonjwa hauondoki kwa kutokutajwa. Tena yamkini majibu yatakuwa mema, maana visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa. Hapo yule mama na kaya zaidi ya 60 zinazochota pale watakunywa kwa amani ya kweli, siyo hii ya kukisia.

Wengine mtasema kwamba hii si kazi ya paroko. Tungeliweza kukubali, lau kisima kingelichimbwa na mtu mwingine. Sisi ndio tuliokichimba, tukakibariki, na kuwaalika watu wanywe.

Basi tunapendekeza mambo haya, na Dominika ijayo baada ya Misa ya pili tutayapeleka mbele ya Halmashauri ya Walei.

Kwanza, fedha tulizokusanya kwa ajili ya kupaka rangi kanisa zitoe kwanza gharama ya kupima aseniki na zebaki katika kisima cha parokia na visima vyote vya vigango. Wizara ya Maji inayo maabara Mwanza, na ofisi za RUWASA wilayani zinaweza kutuelekeza namna ya kuchukua sampuli ipasavyo. Kanisa lisilo na rangi mpya halijamdhuru mtu.

Pili, majibu yasomwe kanisani kama yanavyosomwa matangazo ya ndoa, wazi, kila kisima kwa jina lake. Huko Bangladesh walipima visima karibu milioni 5. Vile vilivyozidi kiwango cha nchi hiyo, ambavyo vilikuwa kama milioni 1.4, vilipakwa rangi nyekundu, na vilivyo salama vikapakwa rangi ya kijani, ili hata asiyejua kusoma ajue. Kopo dogo la rangi linatosha pampu nyingi. Na mwenye kisima cha kijani asimfungie jirani yake mlango.

Tatu, ikitokea kwamba kisima ni chekundu, tusikitupe. Maji yake yatafaa kuoga, kufua na kudeki, kwa kuwa sumu hii huingia kwa kunywa na kula, na kupitia ngozi haipenyi kiasi cha kutisha. Tunachohitaji ni maji mengine kwa ajili ya kunywa na kupika, na hayo si mengi. Mama mjamzito akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupikia, kwa miezi tisa atatumia kama lita 1,350. Paa la kanisa letu lina mita za mraba zipatazo 400. Mvua moja nzuri ya milimita 30 hulimwagia lita 12,000, nasi huziacha zichimbe mtaro na kwenda zake. Matone ya mwanzo yakiachwa yaoshe vumbi kwenye bati, yanayofuata yanaweza kuingia katika tangi. Mvua moja tu ingewanywesha wajawazito 8 tangu mwanzo hadi kujifungua. Tangi likipatikana, wajawazito ndio watakaochota kwanza, wawe Wakatoliki ama la.

Nne, tunawaomba akina mama wa WAWATA wafundishe katika Jumuiya Ndogo Ndogo mambo machache yaliyo wazi. Kuchemsha maji huua vijidudu, nasi tuendelee kuchemsha. Lakini hakuondoi aseniki, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na aseniki hubaki. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Mama aache kula udongo, na asitukanwe kwa hamu hiyo, bali apelekwe kliniki apimwe damu, maana mara nyingi hamu ya udongo huenda pamoja na upungufu wa damu. Ameze vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki anavyopewa. Utafiti wa Bangladesh umeonyesha kwamba asidi foliki huusaidia mwili wa mtu aliyepungukiwa nayo kuitoa aseniki, ingawa haichukui nafasi ya maji mema. Na mtoto akizaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Hapa ipo habari njema ambayo tungependa kila mama aisikie. Watafiti wa Matlab walionyesha mwaka 2008 kwamba aseniki hupita kwa shida sana kuingia katika maziwa ya mama, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Kondo la nyuma halikuweza kumzuilia mtoto sumu hiyo, lakini titi linaweza. Anayempa mtoto wa miezi miwili uji au maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima kibaya anaivunja kinga hiyo kwa mkono wake.

Tano, wanaume. Ninyi ndio wenye makarasha, na ninyi ndio mnaorudi jioni na nguo za mwaloni. Vueni nguo hizo nje, nawieni, na zisifuliwe katika beseni moja na nguo za mtoto. Karasha lisiwekwe juu ya kisima wala kando ya mto, na marudio yasirundikwe penye mteremko wa kuelekea kwenye maji. Tunajua dhahabu ndiyo inayolipa ada na kujenga nyumba. Hatuwaombi muiache. Tunawaomba msiioshe katika kikombe cha wake zenu.

Mwisho tunawaomba muwe macho na viongozi, pamoja nasi. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2016 ilisema kwamba watu wapatao milioni 20 wa Bangladesh walikuwa bado wakinywa maji yaliyozidi kiwango cha nchi yao, zaidi ya miaka 20 tangu ugunduzi. Ilieleza pia kwamba visima vipya vyenye maji salama mara nyingi viliwekwa karibu na nyumba za jamaa na wafuasi wa wanasiasa. Maarifa yalikuwapo, na fedha kiasi zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama upande wa mwanamke wa kijijini ambaye hana mjumbe wala mbunge. Tusije tukapima visima vyetu kisha tangi la kwanza likaishia uani kwa mwenyekiti. Wala uani kwa paroko.

Yule mama tumemwandikia nia yake ya Misa. Itasomwa Jumamosi, na katika nafasi ya majina tumeandika: watoto watatu wa mama huyu, ambao Mungu anawajua. Swali lake tumelijibu upya. Tulimwita tukamwambia kwamba tulikosea, kwamba kisima hakikupimwa kitu alichokuwa akikiuliza, na kwamba sasa kitapimwa. Alisikiliza, akasema asante, kisha akatuomba tumwambie hivyo hivyo na mama mkwe wake. Tumekwenda. Mzee yule alitukaribisha vizuri, akatuletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati. Tulikishika kikombe kile muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

Tuwaombee wote wanaochota leo pasipo kujua wanachochota, na tukutane Dominika.

Tumsifu Yesu Kristo!